Nyari ya Marafa, mchanga wa Mambrui na chumvi ya Gongoni: mwongozo kamili wa kutembeza wageni kaskazini ya Malindi

Mgeni akishuka Malindi, siku ya kwanza huenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama, ya pili magofu ya Gede, ya tatu baharini. Ukivuka daraja la mto Sabaki, nchi hubadilika. Miti hupungua, ardhi inageuka nyekundu, vilima vya mchanga vinasimama kati ya barabara na bahari, na bara kidogo kuna bonde lililomomonyoka ambalo Wagiriama hulijua kwa jina la Nyari. Si jangwa kamili, kwa sababu mvua hunyesha na watu hulima mahindi na mihogo. Lakini jua, mchanga na kiu ni vya jangwa, na mgeni asiyeandaliwa hupata taabu ya jangwani.

Matembezi ya upande huu yakiharibika, mara nyingi kosa huwa ni la saa. Watu hupanga safari kwa umbali: wanaanza na palipo karibu, wanamaliza na palipo mbali, na wanajikuta ndani ya bonde la Marafa saa 7 mchana, watoto wanalia na maji yamekwisha. Huku panga kwa vitu vitatu: jua liko wapi, maji ya bahari yamekupwa au yamejaa, na upepo unavuma kutoka upande gani. Umbali ni jambo la mwisho, kwa kuwa ukiacha Lamu, iliyotajwa mwishoni, hapana kituo katika mwongozo huu kinachopita kama kilomita 40 kutoka mjini.

Kuchagua msimu na siku

Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi. Mbingu huwa safi na njia za bara kavu, lakini joto la Februari na Machi ni kali kuliko la miezi mingine yote. Kusi huanza kushika Aprili au Mei na huendelea hadi kama Oktoba. Masika huja nayo, na Mei ndio mwezi wa kuepuka kwa Marafa. Udongo wa pale ukilowa huteleza kama sabuni na kingo za bonde huporomoka. Kuanzia Julai hadi Septemba hewa ni ya baridi kidogo, njia zimekauka, ila upepo wa kusi huurusha mchanga wa Mambrui kuanzia saa 4 asubuhi hadi ukahisi unachomwa sindano miguuni. Tukiambiwa tuchague, tutachagua Agosti na Septemba kwa bonde, na Januari kwa vilima vya mchanga. Vipindi vya tanga mbili, upepo unapobadilika, vina utulivu mzuri, lakini mvua hukaribia.

Baada ya msimu, tazama mwezi angani. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huwa ya bamvua: hukupwa mbali sana na kujaa juu sana. Pwani yetu siku hizo maji hukupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi, na kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Kwa mdomo wa Sabaki na kwa kutembea ufuoni Mambrui, bamvua ndilo jema, kwa kuwa asubuhi nzima una ufuo mpana na mgumu wa kukanyaga. Wiki ya maji mafu bahari haisogei sana, na utajikuta unatembea kwenye mchanga laini unaozamisha kifundo.

Jua hutua Malindi kati ya saa 12 na dakika 10 jioni, mwezi wa Novemba, na saa 12 na dakika 40, mwezi wa Februari. Weka hesabu hiyo kichwani, kwa sababu ratiba yote ya Marafa huhesabiwa kurudi nyuma kutoka hapo.

Vitu vya kubeba

Maji kwanza. Kwa siku nzima hesabu lita 4 kwa kila mtu mzima na lita 2 hadi 3 kwa mtoto, na dereva ahesabiwe pia. Yeye husahaulika, na ndiye anayehitaji akili timamu kuliko wote. Yagawe: nusu kwenye dumu ndani ya gari, nusu kwenye chupa za mkononi. Chupa zikigandishwa usiku kucha huyeyuka polepole na hukupa maji baridi hadi alasiri, nazo hulinda chakula ndani ya boksi la barafu.

Maji matupu hayatoshi mtu akitoka jasho saa nyingi, maana chumvi hutoka pia. Tengeneza kinywaji hiki nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, visiwe vya kurundika. Koroga hadi viyeyuke. Onja: kisiwe na chumvi kuliko machozi. Chumvi ikizidi ni hatari, hasa kwa mtoto, basi pima kwa kijiko, usikadirie kwa mkono. Dafu linasaidia sana na linauzwa njiani, lakini usilitegemee kama maji ya pekee.

Chakula kiwe kisichoharibika upesi. Mahamri, mkate wa sinia, tende, viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi na machungwa vinavumilia. Mbaazi za nazi ni tamu sana na mahamri, lakini tui huchacha likikaa kwenye joto. Zile asubuhi kabla ya saa 4 au ziache nyumbani. Vivyo hivyo samaki wa kupaka. Wengi hulaumu maji ya Marafa kwa tumbo lililowasumbua usiku, kumbe ni chakula cha nazi kilichokaa kwenye buti la gari saa sita.

Nguo: mikono mirefu ya pamba nyepesi, kofia pana au kikoi cha kufunga kichwani, na leso mbili kwa kila familia. Leso hufanya kazi nyingi huku. Hufunika mabega mjini Mambrui, hufunika uso mchanga ukiruka, hutandikwa chini, hulowanishwa na kuwekwa shingoni mtu akizidiwa na joto. Viatu viwe jozi mbili: vya kufunga vyenye soli ya kushika kwa Marafa, na ndala au soksi nene kwa mchanga. Mchanga mkavu saa sita mchana huchoma nyayo hadi malengelenge, na mtoto aliyevua viatu asubuhi hatambui hadi awe katikati ya kilima.

Ongeza miwani ya jua, mafuta ya kuzuia jua, tochi, plasta, kibano cha kutolea miiba, mfuko wa takataka, kitambulisho cha kila mtu mzima, na pesa taslimu pamoja na salio la M-Pesa, kwa sababu mtandao wa bara hukatika.

Asubuhi: mdomo wa Sabaki

Ondokeni mjini saa 11 na nusu alfajiri. Daraja la Sabaki liko kilomita chache tu kaskazini ya Malindi, na kijiji kipo hapo hapo. Tafuta kijana wa kijijini akuongoze hadi mdomo wa mto. Usiende peke yako hata kama unaona bahari mbele yako. Matope ya mdomo hubadilika kila mafuriko, na pale palipokuwa pagumu mwezi uliopita leo panaweza kukumeza hadi magotini. Viboko na mamba wapo mtoni. Hapana kuogelea, hapana kunawa miguu ukingoni, hapana kumwacha mtoto atangulie.

Ndege ndio sababu ya kuamka mapema. Kuanzia kama Oktoba hadi Aprili wapo waliotoka Ulaya na Asia kukwepa baridi ya kwao, wanachokora matope maji yakiwa yamekupwa, na heroe huonekana pia. Maji yakijaa hutawanyika. Kaa umbali wa mita 50 au zaidi, chuchumaa, tulia. Mgeni asiyependa ndege apewe hadithi ya mto wenyewe: huu ndio Athi unaopita karibu na Nairobi, huitwa Galana ukipita Tsavo, na hapa unaitwa Sabaki. Rangi yake ya kahawia ni udongo wa mashamba ya bara. Udongo na mchanga huo humwagwa baharini, mawimbi huurudisha ufuoni, jua huukausha, upepo huupeleka nchi kavu. Vilima mtakavyopanda saa moja baadaye vilipita hapa kwanza. Mwonyeshe mgeni mto kabla ya mchanga, na mchanga utakuwa na maana machoni pake.

Saa moja inatosha hapa.

Vilima vya mchanga vya Mambrui

Mambrui iko kama kilomita 15 kutoka Malindi. Fikeni kabla ya saa 2 na nusu asubuhi, ili mcheze kwenye mchanga hadi saa 4, kabla haujapata moto na upepo haujashika. Msivuke saa hiyo.

Ni mji wa kale wa Waswahili, wenye misikiti na madrasa, na watu wake ni wa heshima. Anza kwa salamu. Mabega na magoti yafunikwe mkipita mitaani. Nguo za kuogelea ni za ufuoni tu. Usipige picha ya mtu bila kumwomba, na ya mwanamke hata usiombe ikiwa hamjuani. Ijumaa adhuhuri usipite na gari lenye muziki. Mgeni anayependa historia umwambie kwamba mwaka 2010 wachimbuzi wa Kenya na China walipata hapa sarafu ya shaba ya utawala wa Yongle, aliyetawala China toka 1402 hadi 1424. Ni enzi zile zile ambazo twiga wa Malindi alipelekwa kwa mfalme huyo, mwaka 1415.

Kisha vilima. Kila kilima cha mchanga kina pande mbili. Upande unaokabili upepo umelala polepole na mchanga wake umeshindiliwa. Huo ndio wa kupandia. Upande wa pili, uliokingwa na upepo, ni mkali na laini. Huo ndio wa kushukia na kuteleza. Mchanga mkavu hauwezi kusimama kwa mwinuko unaozidi kama nyuzi 34, hivyo hata panapoonekana pa kutisha hapana ukuta wa kuanguka. Ukipandia upande laini utarudi hatua moja kwa kila hatua mbili na utamaliza nguvu za watoto kabla ya mchezo kuanza.

Kuteleza kwenye mchanga ni mchezo wa gharama ndogo sana, na hupendwa na wakubwa kuliko wadogo. Kata plaiwudi ya milimita 6, urefu wa futi 4 na upana wa futi 1. Zungusha pembe za mbele kwa msumeno, kisha piga msasa upande wa chini na kingo zote hadi mkono upite bila kukwaruzwa. Toboa tundu mbili mbele, pitisha kamba ya kushikia. Papo hapo kwenye kilima, sugua upande wa chini kwa mshumaa hadi ung'ae, na urudie baada ya kila mtelezo wa tatu au wa nne. Kaa, usisimame. Egemea nyuma kidogo, nyayo juu ya ubao, na ukitaka kupunguza kasi buruza visigino.

Ubao ukikwama, angalia mambo matatu. Nta imekwisha, au mchanga una unyevu wa umande, au uzito wako uko mbele mno na ncha inachimba. La kwanza lina dawa ya mshumaa. La pili husubiri nusu saa ya jua. La tatu ni kujifunza. Gunia la naironi hufanya kazi kwa watoto wadogo kwenye vilima vifupi, lakini la katani halitelezi.

Kabla ya kila mtu kushuka, mmoja asimame chini ahakikishe hapana chupa, mti uliofukiwa wala mtu aliyejilaza. Na msitelezee penye mimea. Ile mimea inayotambaa yenye maua ya zambarau, pamoja na mivinje, ndiyo inayoshika mchanga usihamie kwenye nyumba na mashamba ya watu. Ikikatwakatwa msimu mmoja, upepo hufungua jeraha ambalo halifungiki upesi.

Kwa sababu hiyo hiyo hatupendi magari na pikipiki zipandishwe juu ya vilima. Ufuoni ndiko kubaya zaidi, kwa kuwa kasa hutaga mayai yao mchangani juu ya mstari wa maji na gari huyavunja bila dereva kujua. Acheni gari kwenye kivuli cha mivinje, mtembee.

Gari likizama mchangani hata hivyo, maana njia zenyewe za kuendea ufuo ni za mchanga, fuata utaratibu huu. Ondoa mguu kwenye mafuta mara moja. Kila mzunguko wa tairi ni kaburi la ziada. Washushe abiria. Chimba mchanga ulio mbele na nyuma ya kila tairi, na ule uliogusa tumbo la gari. Toa upepo wa matairi hadi kama psi 16, kutoka ile 30 au 35 ya kawaida, ili tairi litandike na likanyage eneo kubwa. Weka makuti makavu, mikeka ya gari au mbao zako za kutelezea nyuma ya matairi yanayovuta. Rudi nyuma kwenye nyayo zako mwenyewe kwa gia ya chini, polepole, bila kukata usukani. Ukitoka, jaza upepo kabla hujaingia lami. Tairi lenye psi 16 kwenye mwendo wa kasi hupata moto na kupasuka. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari ni ya lazima upande huu.

Saa za mchana

Kuanzia saa 5 hadi saa 8 na nusu msifanye kitu. Tunasema kwa dhati. Kaeni kivulini, Mambrui au rudini Malindi, mle, mlale kidogo, walio na swala waswali. Kahawa tungu na kashata vinatosha kumchangamsha mgeni baada ya usingizi. Wageni wa siku chache huona kulala mchana ni kupoteza safari, na hapo mwenyeji asimame imara kama mzazi, maana atakayebeba mtu aliyezimia ni yeye.

Alasiri: Nyari ya Marafa

Hiki ndicho kiini cha siku. Marafa iko Magarini, kama kilomita 35 hadi 40 kutoka Malindi kufuatana na njia unayoshika. Unavuka Sabaki, unaacha barabara ya Garsen, unaingia bara mkono wa kushoto. Weka saa moja na robo ya mwendo. Kuna vumbi, mbuzi na bodaboda zilizobeba magunia. Mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa kwenye vumbi. Asiye na gari anaweza kwenda kwa matatu za Malindi hadi Marafa, lakini za kurudi huadimika jioni, basi akubaliane na gari la kukodi kwa safari ya kurudi kabla hajatoka mjini. Bei ya kukodi izungumzwe nzima: kwenda, kungoja hadi giza, na kurudi. Mafarakano mengi na madereva hutokea kwa sababu neno "kungoja" halikutajwa.

Hesabu ni hii. Ikiwa jua linatua saa 12 na dakika 20, muwe ukingoni kwa mwisho saa 11 na dakika 40. Kushuka, kuzunguka na kupanda huchukua dakika 45 hadi saa nzima kwa mwendo wa familia. Kwa hiyo anzeni kushuka saa 10 na nusu, na fikeni langoni saa 10 na robo. Mtoke Malindi au Mambrui saa 9 kamili.

Langoni hulipwa kiingilio, cha mwananchi tofauti na cha mgeni wa nje, na huchukuliwa mwongozaji. Waongozaji ni vijana wa Marafa. Mchukue hata kama umewahi kufika mara kumi. Njia za chini hugawanyika kati ya kuta zinazofanana, na baada ya kila masika vijia vingine huzibwa na udongo ulioporomoka. Yeye anajua ukuta upi umepasuka. Mkubaliane malipo yake kabla, na mwisho umpe bakshishi ikiwa amekutendea mema.

Ni nini mnachokiona? Mchanga na udongo uliolala kwa matabaka mamilioni ya miaka iliyopita, haujawa jiwe gumu. Mvua huukata, upepo huuchonga, ukingo husogea ndani ya kijiji. Wataalamu wa miamba huuita mchanga mwekundu wa vilima hivi kwa jina la Magarini. Wekundu ni kutu: madini ya chuma yaliyokutana na hewa na maji. Palipo na chuma kidogo pamebaki peupe au pa waridi. Juu kumebaki kofia gumu kidogo, na chini yake minara iliyosimama kama vichuguu virefu.

Masimulizi ya wenyeji ni mengine, na mwongozaji atawaeleza: palikuwa na familia tajiri wa ng'ombe, wenye maziwa mengi hadi wakayaoga na kuyatupa, huku jirani zao wana njaa. Mungu akaghadhibika, ardhi ikadidimia nao. Weupe wa kuta ni maziwa, wekundu ni damu. Nyari maana yake ni mahali palipojivunja penyewe. Mwache mwongozaji asimulie mwenyewe, usimkatize kwa sayansi. Maelezo ya kutu yatangoja mkiwa garini.

Sasa kushuka. Hatua za juu ni za mteremko mkali na mchanga uliolegea juu ya udongo mgumu, kama punje za mchele kwenye sakafu. Shukeni kwa ubavu, mguu wa chini ukitangulia, magoti yamekunjwa. Msishike ukuta kwa kujivuta, unamong'onyoka mkononi. Mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee mwenye magoti mabaya wabaki juu, na hawatakosa kitu kikubwa, kwa kuwa mandhari ya juu ndiyo yenye picha nzuri zaidi.

Chini hakuna upepo, na kuta hurudisha joto lililokusanywa mchana kutwa. Hata saa 11 jioni ni moto kuliko juu. Kila mtu awe na lita moja na nusu mkononi na anywe mafunda machache kila dakika 15, asingoje kiu. Dalili za hatari ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na misuli kukaza. Hapo mkalishe kivulini mwa ukuta ulio imara, mlegezee nguo, mlowanishie leso shingoni na kwapani, mpe kile kinywaji cha sukari na chumvi kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka, akaanguka, au ngozi ikawa moto sana, basi hiyo si uchovu. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, usimnyweshe kitu akiwa hajitambui, na mpelekwe hospitali bila kuchelewa. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Hatari ya pili ni ukingo. Juu, simama mita 2 hadi 3 nyuma, maana ardhi ya ukingoni huwa imeliwa chini na haionyeshi. Watu hurudi nyuma hatua moja kwa ajili ya picha. Mpiga picha ndiye asogee, anayepigwa asimame. Chini, msikae chini ya ukuta uliopasuka kupumzika, na mvua ikianza kudondoka, hata kidogo, pandeni mara moja.

Kwa picha, rangi hukolea dakika 40 za mwisho kabla ya jua kutua, na dakika 10 baada ya kutua kuna mwanga wa zambarau ambao wengi huukosa kwa haraka ya kuondoka. Kamera ya kuruka inahitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na vilevile ruhusa ya pale langoni.

Ukiuzwa kigango, ule mti uliochongwa wa kumkumbuka mzee aliyefariki, usinunue, na umweleze mgeni kwa nini. Vigango vimeibwa vingi kwenye maboma ya Mijikenda na kuuzwa ng'ambo, na familia hubaki na msiba wa pili. Nunua vikapu, ukili, asali.

Kurudi ni usiku. Taa za mbele zifutwe vumbi kabla ya kuondoka, mwendo upungue, na dereva ajue kwamba punda na baiskeli hazina taa.

Siku ya pili, kwa wenye nafasi: Gongoni na Ngomeni

Baada ya Mambrui, Gongoni ina mashamba ya chumvi. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana, yakapitishwa kutoka bwawa hadi bwawa huku jua likiyakausha, na mwishowe chumvi huganda na kukwanguliwa. Weupe wake unaumiza macho. Miwani ni lazima. Ni mali ya watu na kuna kazi nzito inafanyika, kwa hiyo ombeni ruhusa langoni, la sivyo tazameni kutoka barabarani.

Ngomeni iko mbele, kwenye ncha ya nchi iliyozungukwa na mikoko. Baharini mtaona majukwaa ya chuma yamesimama kwa miguu. Ni kituo cha Waitaliano cha San Marco, ambacho leo hubeba jina la Luigi Broglio. Kutoka hapo satelaiti ya San Marco 2 ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwa kuwa ilikuwa Siku ya Jamhuri, kumbukumbu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili liko ndani ya vitabu vya elimu ya anga kwa sababu ya kijiji hiki cha wavuvi, na watoto wetu wengi hawajui. Wapelekeni. Mashua ya kuzunguka mikokoni iende maji yakiwa yanajaa; yakikupwa mtakwama kwenye tope na kungoja saa tano au sita. Majukwaa hayasogelewi bila kibali.

Kwa atakayeendelea hadi Lamu

Vilima vya Shela ni vikubwa zaidi na ufuo wake ni wa kama kilomita 12. Kutoka mji wa Lamu ni mwendo wa dakika 40 hivi kwa mguu, au mashua. Nendeni alfajiri au baada ya laasiri, maji yakiwa yamekupwa, na msipite mbali na nyumba za mwisho mkiwa wawili tu. Mchanga ule huchuja maji ya mvua na kuyahifadhi, na visima vyake ndivyo vinavyonywesha Lamu. Kwa hiyo hapana kuchimba, hapana kujisaidia vilimani, hapana kuacha taka hata ganda la ndizi.

Mkirudi nyumbani, osheni gari chini kwa maji baridi siku hiyo hiyo, hasa kama mlipita Gongoni au ufuoni, kwa kuwa chumvi ikilala usiku mmoja kwenye chuma huanza kazi yake. Chujio la hewa likung'utwe. Mbao za kutelezea zikaushwe kwa kulazwa, zisisimamishwe ukutani zikapinda.